Picha ya Peke Yake

Nilikuwa nimeshafungua mkasi, makali yake yameishika karatasi katikati, pale mama mkwe wangu, Mama Theresia, aliponishika kiwiko.

"Ngoja kwanza," alisema. "Wa kulia. Kulia kwa nani?"

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiganja, nyeusi, yenye kuteleza. Katika weusi huo mlikuwa na vishimo viwili ubavu kwa ubavu, na ndani ya kila kishimo punje moja nyeupe. Hao walikuwa wanangu. Mmoja alikuwa hai tumboni mwangu, chini tu ya ukingo wa meza ya cherehani, na mwenzake alikuwa amekufa humo humo, pembeni yake. Daktari alituambia aliyekufa ni wa kulia. Mama Theresia alitaka tuwatenganishe kwenye picha, nusu ya marehemu izikwe, nusu ya aliye hai ibaki. Kazi ya kukata ilikuwa yangu kwa kuwa mimi ndiye fundi. Nguo za nusu ya mji wa Itigi zilikuwa zimepita chini ya mkasi ule.

Swali lake lilikuwa la haki. Kulia kwangu mimi niliyekuwa nimelala chali, au kulia kwa daktari aliyekuwa anatazama kioo? Fundi yeyote anaijua hatari hiyo. Ukilitandaza gauni mezani kifua kikiwa juu, mkono wake wa kulia uko kushoto kwako. Niliwahi kumshonea mwalimu mmoja koti lenye mikono miwili ya kushoto, akatoka nalo hadi mlangoni kabla hajagundua, tukacheka wote wawili, nikafumua. Koti hufumuliwa. Niliutazama ule mstari mwembamba kati ya punje mbili, nikauweka mkasi chini.

"Sijui, mama," nilisema. "Naogopa kumkata aliye hai."

Mama Theresia akavuta kigoda, akaketi, akaitazama ile picha bila kuigusa. Nje mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hata tukawa tunasemezana kwa sauti kubwa, kama watu wanaogombana.

Picha hiyo ilipigwa kabla ya Krismasi, mwaka ule wa mvua za El Nino. Nilikuwa nimeolewa Itigi nikitokea Kinampanda, kwetu Wanyiramba, na ndoa yetu ilikuwa imefikia umri wa kuulizwa maswali. Gasto, mume wangu, alikuwa mtu wa reli mpaka walipopunguzwa kazini, yeye na wenzake wengi. Akaamka siku ya pili akaanza biashara ya kuku. Alikuwa akiwajaza kwenye matenga, anateremka nao Dar es Salaam kwa treni, anarudi na marobota ya mitumba. Mimi nikawa nafumua suruali za Wazungu wanene na kuzipunguza ziwatoshe watu wa kwetu. Tulikuwa tunaishi kwa namna hiyo, na si vibaya.

Mimba ilipoingia sikumwambia mtu. Nilitapika kwa siri nyuma ya choo, nikatapishwa na harufu ya kitambaa kipya, harufu ya mafuta ya cherehani, hata harufu ya Gasto mwenyewe, maskini, aliyekuwa akinuka kuku. Mama Theresia hakuniuliza kitu. Asubuhi moja nilikwenda kuchukua ndoo nikakuta ameshakwenda bombani yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo ndoo sikuiona tena mikononi mwangu. Katika nyumba ile habari za mimba zilikuwa zikisemwa hivyo.

Hospitali ya misheni ilikuwa imeletewa mashine ya altrasaundi muda si mrefu. Watu waliiita televisheni ya tumbo. Ungedhani mimi, mwenye elimu ya darasa la saba na cheti cha ushonaji, ndiye niliyeikimbilia, na bibi kizee wa Kinyaturu aliyezaliwa Sepuka akaiogopa. Ilikuwa kinyume. Mimi sikutaka mtu achungulie ndani yangu. Yeye ndiye aliyenisukuma. Alikuwa ameshazika watoto wengi kabla ya Gasto, wengine hawakufikisha hata miezi ya kuzaliwa, na alikuwa na imani na mashine ile kuliko wauguzi wenyewe.

"Mimi wangu walikuwa gizani," aliniambia. "Wako kama kuna taa, awashiwe."

Daktari Mazengo alikuwa Mgogo wa Manyoni, mpole, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha kumsogelea. Alinipaka tumboni mafuta mazito ya baridi, akakitembeza kile kidude chake, na kioo kikajaa mvua ya kijivu ambayo sikuielewa. Kisha akaweka kidole. Palikuwa na kitu kinapepesa haraka haraka, kama ukope.

"Huo ni moyo," alisema. Akasogeza kidude kidogo. "Na huu ni wa mwenzake."

Mama Theresia, aliyekuwa ameketi pembeni na mwavuli wake uliolowa, akainuka. Akaenda mpaka kwenye kioo, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akainama kidogo.

"Karibuni," alikiambia kioo. "Karibuni nyumbani."

Daktari akacheka, na mimi nikacheka, na machozi yakaniteremka mpaka masikioni kwa kuwa nilikuwa nimelala chali. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Daktari akabonyeza mahali, mashine ikatema picha ikiwa bado na joto, akanipa.

Njia nzima ya kurudi mama mkwe wangu alikuwa kimya, na nikadhani anasali. Kumbe alikuwa na wasiwasi. Katika ukoo wa mume wangu mapacha hawaonwi na watu wa nje kabla ukoo haujawapokea. Akizaliwa mmoja, jirani aje tu, amtazame, amsifie. Wakizaliwa wawili, mlango unafungwa, wanawake wa ukoo wanakuja kwanza, wanawapaka unga wa uwele, wanawaambia hapa ndipo kwenu, ndipo mlango unafunguliwa.

"Daktari ameshawaona," alisema tulipofika. "Na yule muuguzi ameshawaona. Tumechelewa, Damari."

Akamwita shangazi yake Gasto, Dorkas, ambaye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya mambo hayo, ingawa Jumapili aliongoza kwaya ya Kilutheri. Shangazi Dorkas alikataa. Alisema mapacha hupokelewa wakiwa duniani, si wakiwa kwenye makaratasi. Mama Theresia hakubishana naye, alimpa picha. Shangazi akavaa miwani, akaigeuza picha huku na huku, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakaa nayo muda mrefu.

"Kweli wapo," alisema mwishowe.

Wakanikalisha kizingitini miguu ikiwa nje, wakafunga mlango wa uani, wakanipaka unga tumboni, upande mmoja kisha upande wa pili, kila mtoto na unga wake kwenye kibuyu chake ili wasije wakagombania. Niliona aibu na nilifurahi. Tangu siku hiyo nikimwamkia mama mkwe wangu asubuhi, "Shikamoo mama," alinijibu, "Marahaba. Wameamkaje?" Nami nilijibu kwamba wameamka salama. Siku nyingine nilimwambia mmoja ameamka vibaya, mkorofi, amenitapisha, na mwingine ametulia. Mama Theresia akacheka, akasema yule mkorofi amemrithi marehemu babu yake. Tulikuwa tunacheza, lakini ukiulizwa habari za watu kila siku mwisho wake unawajua.

Gasto naye hakuweza kujizuia. Aliichukua picha akaenda nayo stesheni, akawaonyesha wapakuzi, wauza karanga, mpaka mkuu wa stesheni. "Hawa wanangu," alikuwa akisema, "huyu na huyu." Kisha akapakia kuku wake akaondoka, na siku chache baadaye mafuriko yakaikata reli huko Morogoro, na hatukumwona tena kwa wiki nyingi.

Damu niliiona nikiwa nashona sare za shule. Haikuwa nyingi. Niliinuka kwenye kiti nikaona doa, nikaketi tena, nikashona mpaka mwisho wa mshono kana kwamba nikiumaliza vizuri kila kitu kitakuwa vizuri. Kisha nikamwita mama. Alinifunga khanga mbili, akaazima baiskeli kwa jirani, akanipandisha nyuma, akaikokota yeye mwenyewe katika matope mpaka hospitali, mwanamke wa umri wake, ndala moja ikabaki topeni na hakurudi kuichukua.

Daktari Mazengo alikitembeza kidude chake. Nilikuwa nimeshajifunza kidogo kusoma kile kioo. Niliuona ukope mmoja unapepesa. Nikangoja auonyeshe wa pili. Akarudi mahali pale pale, akabonyeza tumbo kidogo, akarudi tena.

"Mmoja yuko vizuri," alisema. "Moyo wake una nguvu. Huyu wa kulia amenyamaza."

"Amelala?" niliuliza. Najua lilikuwa swali la kijinga.

"Hapana, mama. Amefariki. Zimeshapita siku kadhaa."

Mama Theresia akauliza atatoka lini, ili ajiandae. Alikuwa anaijua kazi hiyo. Daktari akatueleza kwa ile sauti yake ya chini kwamba hatatoka. Ni mdogo mno. Mwili wangu utamfyonza kidogo kidogo, na pengine siku ya kujifungua sitaona chochote.

"Hatutaona hata kitu cha kuzika?"

"Hata kitu, mama."

"Na huyu aliyebaki?"

"Aliyebaki hana habari," alisema Daktari. "Tumwache aendelee hivyo hivyo."

Siku hizi wasichana ninaowashonea wananionyesha picha za altrasaundi kwenye simu zao, na mimi huzitazama kwa adabu na kurudisha simu. Sijawaambia kwamba kabla ya mashine ile mwanamke angeweza kumpoteza mmoja wa mapacha na asijue mpaka kufa kwake. Angeona damu kidogo, angepumzika, angezaa mtoto mmoja na kushukuru. Mashine ndiyo iliyonipa mtoto wa pili na ndiyo iliyoniambia hayupo. Nimejiuliza mara nyingi kama ningependa nisijue. Hapana. Ningependa kujua.

Kilichoniumiza kuliko damu ni kwamba hapakuwa na msiba. Majirani walijua; Gasto alikuwa ameutangazia mji mzima mapacha, na habari zikageuka zikarudi kwa njia ile ile. Walikuja, wakaketi, wakasema, "Mshukuru Mungu, mmoja amebaki." Walileta uji, walileta ndizi, waliniambia nisiinue vitu vizito. Hakuna aliyenipa pole. Mtu akifiwa na shangazi wa mbali, wa Mtinko huko, asiyemwona tangu utotoni, mji wote unampa pole njiani, na mimi niliyefiwa na mwanangu naambiwa nishukuru. Nilishukuru. Kisha nilifunga mlango nikauma mto. Tumbo lilikuwa moja tu, na sikujua nililie au nilibembeleze.

Shangazi Dorkas naye alikuja, na yeye hakuleta shukrani. Alisema lile nililokuwa nikiliogopa bila kulijua. Mapacha wakishapokelewa ni watu wa nyumba. Anayeondoka husindikizwa kama mtu, huzikwa na wanawake, kwa unga wake. Asiposindikizwa hapati njia, na akikosa njia hurudi kumwita mwenzake.

Mimi nililelewa kwa Biblia na sikuwa mtu wa kuyaamini mambo hayo. Lakini usingizi ulinihama. Nilikuwa nikilala nimelishika tumbo upande wa kushoto, kisha nahamisha mkono upande wa kulia, kwa kuwa sikujua aliye hai yuko wapi.

"Tungewaacha tu," alisema Mama Theresia siku hiyo, na nikaona jinsi alivyokuwa anajilaumu. "Nimewapokea kabla ya wakati. Nilikuwa na haraka nao. Sasa wamekwisha kuwa watu, siwezi kuwarudisha wakawa si watu."

Yeye ndiye aliyesema tuzike picha. Yumo humo, alisema, ndipo pekee alipo. Na ndivyo tulivyofika mezani kwangu, yeye ameketi kwenye kigoda, mimi nimesimama, mkasi umelala katikati yetu.

Shangazi alipoingia akakuta tumekwama, akasema tusijisumbue, tuizike yote. Nikasema hapana. Sikuwahi kumwambia mtu mzima wa nyumba ile neno hilo, na lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

"Hapana, shangazi. Humo ndani kuna mzima."

Shangazi akamtazama Mama Theresia, akitaka amrudi mkamwana wake. Mama Theresia akasema, "Umemsikia."

Asubuhi yake tulikwenda hospitali. Daktari aliipokea picha, akaishika juu ya taa, akaifikiria. Nilimwona anataka kunisaidia. Angeweza kuonyesha kidole upande wowote na tungemwamini.

"Sijui," alisema. "Siku ile ya kwanza kidude nilikishika hivi, siku ya pili nilikishika vingine. Nikisema najua nitakuwa nawadanganya. Mnataka kujua kwa nini?"

Mama Theresia akamweleza. Alieleza yote, unga, mlango, kusindikizwa, bila kuona haya na bila kushusha sauti, na foleni ya akina mama nje ilikuwa inasikia. Nilijikunja nikingoja Daktari acheke au atuhubirie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alizungusha kalamu mezani. Sijui kwao Wagogo wanawafanyia nini mapacha. Sikumuuliza, na sasa najuta.

"Bado yumo?" nilimuuliza mimi. "Bado anaonekana?"

"Anaonekana kidogo. Ameshapungua."

"Basi nipigie picha yake. Yeye peke yake."

"Hicho si kipimo, mama."

"Najua si kipimo."

Mama Theresia alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Daktari akainuka, akafunga mlango, akaniambia, "Panda."

Mafuta yalikuwa ya baridi kama siku zile nyingine. Akaenda kwanza kwa aliye hai, kwa mazoea, na pale pale akatokea, mkubwa sasa, ana kichwa, ana mgongo, anajirusha kama mtu aliyechoka kungoja. Nilitaka kumtazama siku nzima. Nikageuza uso.

"Huyo tumemwona, Daktari. Nipeleke kwa mwenzake."

Akakiteremsha kidude, akakilaza, akatafuta. Nikamwona. Alikuwa amebanwa ukutani, mwembamba, kama punje iliyokandamizwa na uzito wa gunia. Hakuna kilichokuwa kinapepesa. Pembeni ya kioo palikuwa pakiingia na kutoka mguu wa yule mwingine, unapiga mateke.

"Sogeza kidogo," nilimwambia. "Huyo asiingie."

Daktari akasogeza. Mguu ukatoka. Akabaki yeye.

"Hapa?"

"Hapo."

Mama Theresia akainuka kwenye kiti. Kwetu mwili unapotolewa ndani ya nyumba watu husimama, na alisimama hivyo, mikono mbele, ameshusha macho, mpaka mashine ikamaliza kulia na karatasi ikatoka. Daktari hakuniletea kama ile ya kwanza. Alimpa yeye, kwa mikono miwili.

Tulipofika nyumbani tukamkuta Gasto. Alikuwa ametoka Morogoro kwa malori ya mizigo, amekonda, ndevu zimemjaa, matenga matupu. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Alinishika kichwa akakilaza kifuani kwake, akasema lile ambalo wote walikuwa wamelisema, kwamba mmoja yupo, tushukuru. Sikumchukia. Kisha akamwona mama yake anaandaa unga, akauliza ni wa nini, akaambiwa.

"Mama," alisema, "hii si ni karatasi tu?"

"Karatasi ndiyo uliyoitembeza stesheni ukisema hawa wanangu," alisema Mama Theresia. "Kule stesheni haikuwa karatasi?"

Gasto akaenda kuchukua jembe, akachimba shimo nyuma ya nyumba, upande wa shamba, mahali ambapo maji ya mvua hayasimami. Alichimba refu kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza akampa shangazi jembe, kwa kuwa kazi iliyobaki haikuwa ya wanaume, akaenda kusimama mbele ya nyumba. Nilimwona mgongo wake kupitia uchochoro. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka.

Nilikuwa nimeshona mfuko wa kitambaa cheupe. Ulikuwa mdogo mno, cherehani isingeweza kugeuka ndani yake, kwa hiyo niliushona kwa mkono, mishono midogo midogo niliyokuwa sijaishona tangu nikiwa mwanafunzi. Niliitia picha ndani, picha ikiwa imetazama juu. Shangazi Dorkas akamimina unga uliokuwa umebaki kwenye kibuyu kimoja. Akaniuliza anakwenda kwa jina gani.

Hatukuwa tumewapa majina. Mapacha wa huku majina yao hupangwa na mlango wa kuzaliwa: anayetoka kwanza ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, awe wa kike awe wa kiume, na hakuna anayechagua. Nikamtazama mama mkwe wangu.

"Aliyetangulia kutoka ndiye Kulwa," alisema.

"Huyu hajatoka," alisema shangazi.

"Anatoka sasa."

Akapiga magoti kwenye tope, akaupokea mfuko kutoka mkononi mwangu, akauteremsha shimoni. Alipojaribu kuinuka hakuweza. Nikadhani ni magoti, nikamshika kwapani, ndipo nikasikia anavyolia. Alikuwa anataja kwa Kinyaturu watu nisiowajua, mmoja baada ya mwingine, na Kinyiramba changu kilinitosha kuelewa kwamba si majina. Alikuwa anasema yule wa wakati wa kupalilia, yule wa wakati wa nzige, yule wa kabla ya Gasto. Nikapiga magoti pembeni yake. Tukaufukia kwa mikono.

Mtoto wa kike alizaliwa baada ya mavuno ya alizeti, jua kali, mchana. Nilihangaika sana naye. Kondo la nyuma lilipotoka mkunga aliligeuza, akalitazama, akalifunika, na mimi sikuuliza kitu. Mama Theresia alikuwa nje ya mlango tangu alfajiri, hakula. Walipomruhusu kuingia alimchukua mtoto, akamfunua, akamhesabu vidole, akamfunika tena, akaketi naye ukingoni mwa kitanda changu.

Jioni akapita muuguzi mwingine, msichana mgeni, si mwenyeji wa Itigi, anaandika watoto waliozaliwa siku hiyo.

"Jina la mtoto?"

"Doto," nilisema.

Aliandika. Kisha kalamu ikasimama. Akatazama kitanda changu, akatazama mikono ya mama mkwe wangu, akatazama kitanda cha jirani kana kwamba huenda tumemweka huko.

"Na Kulwa? Kulwa yuko wapi?"

Mama Theresia akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Kulwa tulimzika," nilisema. "Wakati wa mvua."

Yule msichana akaiweka kalamu chini. Akanishika mkono, mkono ule wenye sindano ya dripu, taratibu asije akaniumiza.

"Pole sana, mama," alisema. "Poleni sana."

"Tumeshapoa," nilimjibu, kama anavyojibu mfiwa yeyote, na ndipo nikaanza kulia.